Paa Kwanza Ndio Tuhame

Jumatatu, 10 Machi

Jentrix mtoto yangu, wewe ndio umeitisha hii. Umesema ati mama ukinipigia unaongea mpaka credit inaisha na bado hujafika kwa maana, ati niandike kwa kitabu, ukikuja Agosti utasoma yote mara moja. Haya. Kitabu nimenunua, nimekaa nayo hapa steji katikati ya jiko na karai ya mandazi. Ukiona mafuta kwa karatasi usiniulize. Shule niliacha darasa la nne lakini mdomo haikuacha.

Babako mzima. Anakusalimia, ama angekusalimia kama angekuwa mtu wa salamu.

Sasa habari yenyewe. Kaunti inataka kutujengea soko. Soko ya ukweli, ya paa na sementi na choo. Shida ni moja tu, itakaa wapi. Unajua hapa kwetu kuna Juu na kuna Chini. Juu ni kule kwa kanisa, kwa gorofa ya Aron mwenye hardware, na huyo Aron ndiye chairman wa komiti ya wadi. Chini ni sisi wa steji: mimi na chai yangu, Gesare na ndizi zake, na akina mama wa mboga. Juu hakuna matope. Hata watu hakuna! Chini matope iko, na watu wako. Gari ya Sotik ikisimama, ile ya Kericho ikisimama, mtu anashuka na njaa ananipata mimi.

Soko ikienda Juu, mamako amekwisha. Nani atapanda ule mlima ati anafuata mandazi?

Jumatano, 12 Machi

Mvua imeingia. Sijauza kitu.

Alhamisi, 20 Machi

Leo nimekuwa kwa mkutano ya komiti! Si kama memba, ni kama chai. Clifford, yule kijana wa ofisi ya wadi, amenipatia kazi ya kuwapelekea chai na mandazi wakikaa kwa ile chumba ya mabati nyuma ya chifu. Nilimimina pole pole kama mtu anaweka mtoto dawa ya macho, ndio nisikie kila kitu.

Nikuambie kwanza juu ya mheshimiwa wetu, Nelvine Chepyegon, yule tulipeleka Kericho akatusemee kwa bunge ya kaunti. Hapa steji watu wanasema ni mkono birika. Wale wengine wa zamani ukiwasimamisha njiani ukisema, "Mheshimiwa, tumeumia huku," wanaingiza mkono kwa mfuko. Huyu anakuuliza, "Mmeumia aje?" Halafu anasimama hapo anangoja jibu! Watu hawajazoea. Hata mimi nimesema mara mingi ati hii mama ni bure. Na anachelewa. Leo amekuja wakati mandazi imepoa, gumboot imejaa matope, anasema pole, barabara.

Aron akaanza. Aron unamjua, akianza kusema unaweza kwenda kuteka maji urudi. Ati Juu ni pakavu, ati Juu ni pasafi, Juu kuna maji ya kanisa. Akamaliza. Gesare wetu akasema, "Hapana."

Ni hiyo tu. Hapana. Sasa unaona shida yangu? Sisi watu wa Chini tulihitaji mtu kwa komiti, na watu wakachagua Gesare, mtu anauza ndizi mchana mzima na maneno tatu. Na mimi niko hapa, mdomo yote hii, nabeba birika.

Mheshimiwa akamwambia, "Mama Gesare, kabla ukatae, tuambie kwanza Aron amesema nini."

Gesare akasema, "Anataka soko ikae karibu na gorofa yake."

"Aron, ni hivyo ulisema?"

"Mimi sikutaja gorofa!" Watu wakacheka, hata Clifford.

"Basi hujamfikia, mama. Sema tena."

Gesare akasema tena, ya pakavu, ya maji, mpaka Aron akasema ndio, ni hivyo. Halafu mheshimiwa akageukia Aron. "Na wewe sasa sema yake."

"Yake gani? Amesema hapana tu!"

"Basi ngoja aseme, ndio upate ya kusema."

Jentrix, nilidhani ni mchezo. Kumbe ndiyo kazi yake. Kwa mkutano ya huyu mama huwezi kupinga mtu kabla useme maneno yake mpaka mwenyewe akubali ati umesema sawa. Wamekaa hivyo mpaka chai ikaganda juu. Hakuna kitu waliamua! Nimerudi nikamwambia babako, hiyo si serikali, hiyo ni darasa la watoto.

Babako akasema, "Mm."

Alhamisi, 27 Machi

Mvua ya mawe saa nane. Majani ya chai ya watu imechanika yote huko mashambani. Mandazi yangu ikalowa, Gesare akanifunika na gunia yake ya ndizi. Hakusema kitu.

Jumanne, 1 Aprili

Leo sitaki kuandika lakini lazima.

Asubuhi mheshimiwa amekuja steji. Peke yake, na gumboot. Tukajua amekuja kusalimia watu kama wanasiasa. Mimi nikamwekea kiti, nikamwekea chai, nikasema kwa sauti ndio wa mboga wasikie, "Mheshimiwa karibu, leo umekumbuka wenye walikupigia kura!"

Akasema, "Nimewakumbuka, Mama Calvince. Kaa chini." Hata yeye ananiita kwa jina ya kakako.

Akatuita wote. Akasema, "Nimekuja kuwaambia mwenyewe kabla msikie kwa mtu."

Nikafikiri, mtu gani huyo? Kumbe mtu ni mimi, mdomo ya steji! Na mimi nilikuwa sijasikia!

Akasema soko haiwezi kukaa Chini. Amezunguka na ramani, ameuliza watu wa barabara. Hii yote tumekalia, kutoka kwa mti wa umeme mpaka kwa mfereji, ni ya barabara. Barabara ya Sotik itapanuliwa. Leo, kesho, hajui siku, lakini watakuja kutoa vibanda, na soko ikijengwa hapa itabomolewa na sisi ndani.

Mama mmoja wa mboga akasema, "Si wewe ni mkubwa? Waambie wapite upande ile ingine!"

"Siwezi. Na nikisema naweza nitakuwa nawadanganya."

"Yule mheshimiwa wa kabla yako alisema ataongea nao."

"Aliongea?"

Yule mama akarudi kwa mboga yake.

Mimi nikasimama. Nikamwambia, "Mheshimiwa, kura zetu za hapa Chini ndizo zilikuingiza. Juu walikupigia nani? Sasa umekuja kutuuza kwa Aron, na unakunywa chai yangu."

Aki nilisema hivyo. Mbele ya watu. Yeye hakukasirika. Alimaliza chai, akaweka kikombe chini, akasema, "Sijasema soko inaenda Juu. Nimesema hapa haiwezi. Kuna mkutano ya wananchi inakuja, njoo useme yote uko nayo. Hata hiyo ya kuuza, njoo uiseme huko."

Akaenda. Watu wakanipigia makofi. Lakini nilikuwa nasikia baridi.

Jumatano, 2 Aprili

Nimechoma karai mzima ya mandazi. Akili haiko.

Jumatatu, 7 Aprili

Sasa nimeshika mwizi! Clifford ametundika karatasi kwa mlango ya chifu. Mkutano ya wananchi ni Ijumaa tarehe 11, saa tano, kwa uwanja ya chifu, kusema soko itakaa wapi.

Ijumaa! Ijumaa ni siku ya majani!

Wewe uko Nakuru siku hizi, labda umesahau. Siku ya majani hakuna mtu ako nyumbani. Kila mwenye shamba, na wale wa kuchuna, wako kwa chai kutoka asubuhi, halafu wanabeba gunia wanapeleka kwa banda, karani anapima, wanangoja lori. Ukiweka mkutano Ijumaa, watakuja nani? Wenye duka na wazee wa pombe. Na wenye duka ni watu wa Aron.

Kwa hivyo ni Aron amepanga. Sikusema kwa watu wengi. Niliambia Gesare, na wa mboga, na makanga wa gari ya Sotik, na yule wa gari ya Kericho.

Jumatano, 9 Aprili

Aron amepita steji. Kila siku anakunywa chai yangu saa nne, kikombe mbili, sukari nne. Leo amepita akiangalia mbele kama mtu amevaa kola ya kanisa. Nikamwita, "Chairman!" Hakugeuka.

Na aende.

Ijumaa, 11 Aprili

Jentrix, washa taa ukae chini. Hii ni refu.

Asubuhi mvua, halafu jua kidogo, halafu mvua. Nimebeba birika mbili na ndoo ya mandazi kwa uwanja ya chifu. Viti zimepangwa, zile za plastiki za kanisa, nyingi sana. Watu? Aron, wenye duka wa Juu, wazee wachache, sisi akina mama wa Chini. Viti zingine zinanyeshewa tu.

Mheshimiwa amefika, tena amechelewa. Akasimama akaangalia zile viti tupu. Akauliza, "Watu wako wapi?"

Mimi sikungoja. "Wako majani, mheshimiwa. Na mwenye alichagua Ijumaa alijua watakuwa majani. Muulize chairman."

Aron akaruka kutoka kwa kiti. "Ni wewe umekuwa ukinitangaza kwa magari! Watu wananiuliza mpaka Sotik! Mimi sijachagua siku yoyote!"

"Nani basi? Mvua?"

Clifford akainua mkono, polepole, kama mtoto ameharibu kitu. "Ni mimi," akasema. "Niliangalia kalenda, nikaona Ijumaa haina kitu."

Clifford wa watu ni wa Londiani. Ni watu wa viazi! Kiazi ukiacha mchangani leo utaipata kesho. Majani haingoji mtu. Hakujua. Ameletwa ofisi yetu mwezi wa pili na hakuna mtu alimwambia, kwa sababu sisi wote tunajua, na kitu mnajua wote hakuna mtu anaisema.

Nikaangalia Aron. Aron akaniangalia. Nikaanza kupanga vikombe.

Mwenye duka mmoja akasema si tuendelee tu, tuko, tufunge maneno. Mheshimiwa akasema, "Tukifunga leo hapa, tutakuwa tumefunga watu nje." Halafu akachukua kiti yake akaweka juu ya kichwa. Hivyo tu, kama kikapu. Akasema, "Kila mtu na kiti yake. Twende kwa banda ya majani. Kama wao hawawezi kuja, sisi tunaweza."

Ungeona! Wazee, wenye duka, mheshimiwa mbele na gumboot, Clifford na viti sita, mimi na birika, tumepanda barabara ya murram kwa mvua, viti juu ya kichwa. Hata Aron. Yake ilikuwa na mguu moja mbaya, inacheza cheza, nikacheka, akaniambia, "Cheka, Mama Calvince, cheka." Lakini hakusema na ubaya.

Banda ya majani iko katikati, ukitoka Chini hujafika Juu. Ni nguzo na mabati na meza ndefu za kumwaga majani. Watu walikuwa wamejaa huko mpaka nje, gunia kila mahali, kina mama wanachambua, wanatoa yenye imekomaa. Lori ilikuwa imekwama kwa mto. Karani Kiplangat, yule wa mizani, akauliza, "Nyinyi ni harusi?"

Mheshimiwa akasema, "Ni mkutano. Kiplangat, wewe pima tu. Mikono ifanye kazi, masikio ibaki hapa."

Hapo hakuna mtu alipanda kwa kiti kuhutubia. Mheshimiwa alisema hii itakuwa kama kokwet, ile mkutano ya majirani ya Wakipsigis, hakuna kuinua mkono kuhesabiwa. Tunaongea mpaka kila mtu atoe yenye iko kwa tumbo yake. Mmoja akibaki nayo, bado hatujamaliza.

Akasema ukweli yote. Chini haiwezi, ni ya barabara. Juu inaweza. Watu wanasema nini?

Halafu mama mmoja mzee, gunia yake kubwa kumshinda, akasema bila kuacha kuchambua, "Nyinyi mnapigana Juu na Chini. Na hapa katikati tunasimama kila siku ya majani tangu jua itoke, mvua na njaa, hakuna hata mtu wa kutuuzia ndizi."

Watu wakasema eee! Mwingine akasema, na hii ardhi kando ya banda si ni ya serikali? Kiplangat akasema, "Ni ya kaunti, beacon ya mpaka iko hapo kwa mpera." Mwingine akasema siku ya majani hapa kuna watu wengi kuliko Krismasi. Hiyo maneno ikashika kama moto kwa nyasi. Ndani ya muda kidogo wote wanasema hapa, hapa, hapa.

Hakuna mtu alikuwa ameifikiria. Si mheshimiwa, si Aron, si mimi. Tumepita hapo maisha yetu yote.

Mheshimiwa akauliza, "Nani bado ako na kitu kwa tumbo?"

Aron akasema, "Mimi."

Na mimi nikasikia mdomo yangu inasema, "Hata mimi."

Wakati huo lori ikafika. Dereva anapiga honi, watu wanapakia, wanatuangalia sisi wawili. Wengine wanasema, aah, maliza hawa wawili, wengi tumekubali. Mheshimiwa akasema hapana. Akasema, "Mama Calvince, anza wewe. Aron anataka nini?"

Nilitaka kusema na mcheko. Nilikuwa nimeipanga, ya gorofa, ya kiti mguu tatu. Lakini ukianza kusema maneno ya mtu na yeye anakuangalia, mcheko inakataa. Nikasema, "Aron anasema baba yake alitoa shamba ya kanisa na ya shule, hapo Juu. Akaambiwa mji itakuja huko. Mzee akangoja mpaka akakufa. Mji haikuja. Ikabaki kwa Aron kungoja. Kila asubuhi anafungua hardware akiangalia barabara." Hiyo ya shamba Aron mwenyewe alinihadithia, hizo siku za chai ya saa nne. Sikuwahi kuiweka pamoja na soko.

Mheshimiwa akauliza, "Aron, ni hivyo?"

Aron alikuwa ameangalia chini. "Ni hivyo."

"Sasa yake."

Aron akatoa kofia. Akasema, "Huyu mama alikuja hapa na bwanake kufanya kazi ya kampuni ya chai. Wakapewa nyumba kwa laini ya wafanyakazi. Mashine ya kuchuna ikakuja, wakaambiwa watoke, si mbali, hapo tu mbele. Akauza kwa soko ya zamani. Wakaambiwa wahame, si mbali, hapo tu mbele. Akajenga steji. Sasa tena tunamwambia si mbali." Akakung'uta maji kwa kofia. "Na kila mara akihama wateja hawamfuati, anaanza upya. Yeye hakatai hapa. Anauliza tu kama hii ndiyo mwisho. Na kila mara ni watu wa hapa tunaamua, yeye analeta chai."

Jentrix. Mimi sikuwa nimesema hiyo kwa mtu yeyote. Hata kwa babako. Sikujua ni hiyo iko kwa tumbo yangu mpaka nikaisikia ikitoka kwa Aron.

"Mama Calvince, ni hivyo?"

Nikatingisha kichwa.

"Kichwa haisikiki. Sema."

Mimi, mdomo yote hii. Nikasema, "Ni hivyo." Sauti kama ya kuku.

Honi ya lori imenyamaza, dereva ameshuka anasikiliza. Mheshimiwa hakuniharakisha. Akaniuliza, "Unataka nini ndio ukubali?"

Nikasema, "Paa kwanza. Msinitoe Chini mpaka paa ya hapa iwe juu. Si mimi tu, sisi wote."

Watu wakaangaliana. Na wa kwanza kusema alikuwa Aron, "Paa kwanza. Mimi nimeacha ya Juu." Halafu Kiplangat, halafu yule mama mzee, halafu banda mzima, paa kwanza, paa kwanza. Clifford akaandika. Mheshimiwa akasoma mara mbili, moja Kiswahili, moja Kipsigis, akauliza tena kama kuna tumbo imebaki na kitu.

Dereva wa lori akasema, "Yangu imebaki na njaa." Basi wakamaliza mandazi zote.

Mimi nilimwita huyu mama bure. Kumbe bure ilikuwa wapi.

Jumamosi, 12 Aprili

Saa nne Aron amekuja. Kikombe mbili, sukari nne. Akasema, "Magari ya Sotik wanasemaje leo?"

Nikamwambia, "Wanasema wewe ni mtu mzuri. Nimewaambia mimi mwenyewe."

"Na ya Kericho?"

"Hao bado nawatafuta."

Jumatano, 14 Mei

Mvua haijaacha. Mheshimiwa yuko Kericho, soko yetu iko mbele ya komiti ya bajeti. Clifford ametuonyesha kwa simu. Mheshimiwa mmoja wa tai nyekundu akamuuliza, kwa nini soko iko shambani, haiko mjini? Nelvine wetu akamwambia, "Nitakujibu. Lakini kwanza sema vile wananchi wangu wamesema, nijue umewasikia." Jamaa akafungua karatasi, akafunga, akafungua. Tulicheka hapa mpaka Gesare akamwaga ndizi.

Lakini akamjibu vizuri, pole pole, mpaka yule wa tai akasema sawa. Mimi naona huyu mama hachoki kusikiliza kama vile mimi sichoki kusema.

Jumanne, 27 Mei

Soko imepita kwa bajeti. Fundi ataanza mwezi wa saba. Baridi imeshika. Babako amevaa koti mbili, akasema neno: "Vizuri."

Alhamisi, 12 Juni

Hakuna kitu. Ukungu.

Jumatano, 18 Juni

Leo imefika yenyewe. Nilikuwa nakoroga chai nikasikia chini inatetemeka. Tingatinga ya njano, kubwa, na nyuma yake gari ya watu wa barabara. Mkubwa wao akashuka na koti ya kung'aa, akasema, "Mama, toeni vitu, tunasafisha hapa."

Nikasema, "Leo?"

"Saa hii."

Kule kwa banda bado hakuna hata nguzo moja. Nikashika simu nikampigia mheshimiwa, kwa haraka nimepiga namba ya fundi wa viatu kwanza. Akashika. Nikamwambia yote pamoja, tingatinga, koti, mandazi.

Akasema, "Niko mkutano Kericho, sitafika. Mama Calvince, mliamua nini?"

"Paa kwanza."

"Basi mnajua ya kusema. Komiti ni nyinyi." Akakata!

Alikata, Jentrix! Nilikasirika sekunde moja. Halafu nikageuka nikaona Gesare. Gesare amechukua kreti yake ya ndizi, ameiweka mbele ya tingatinga, ameikalia. Anapanga ndizi kwa mapaja. Hasemi kitu.

Dereva akapiga honi. Gesare akaangalia juu, akamwambia, "Hapana."

Hapo ndio nilielewa kwa nini watu walimchagua.

Mimi nikapata miguu. Nikapiga nduru kama ya kwetu, kule ziwa tulitoka, Aron akasikia mpaka Juu, akateremka na pickup yake ya sementi akaiweka kando ya Gesare. Clifford akaja mbio na ile karatasi ya siku ya majani. Kiplangat, wazee, watu wa mboga. Mkubwa wa koti akauliza, "Nani mkubwa hapa?"

Sisi tukaangaliana. Kila mtu alingoja mwingine aseme ni fulani. Hakuna mtu alisema.

Aron akamwambia, "Mkubwa hayuko. Lakini tulikubaliana." Akamwambia ya barabara, ati hatukatai barabara, tunahama, soko imepita, fundi anaanza mwezi ujao, tunaomba tu paa iwe juu. Hakusema juu ya Juu hata mara moja. Alisema "sisi," na alimaanisha sisi wa Chini.

Mkubwa akasoma karatasi. Akapiga simu huko kwao, akaongea muda mrefu akizunguka gari. Akarudi akasema wataanzia upande wa mto, huku watarudi soko ikiisha. Lakini ikiisha siku hiyo hiyo tutoke.

Tukasema siku hiyo hiyo. Tingatinga ikageuka, ikavunja mfereji kidogo, ikaenda.

Gesare akasimama, akapangusa sketi, akauza ndizi kwa makanga.

Alhamisi, 19 Juni

Mheshimiwa amefika saa nne, gumboot na matope kama kawaida. Watu wamemzunguka, kila mtu anataka kusimulia, mimi nimejaza maneno mpaka kwa koo, nilikuwa nimelala nayo nikiipanga. Akanigeukia mimi, kwa sababu anajua. "Haya, Mama Calvince. Ilikuwa aje jana?"

Nikafungua mdomo.

Halafu nikamwambia, "Muulize Gesare."